FIKIRINI MAUA: TUKARIBIE TUPATE KUONA

Masomo: Mwanzo 16:1-14, 1 Samweli 16:7, Mathayo 6:25-34

Wapendwa katika Bwana,

Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha mwezi huu tukiwa hai. Mvua imenyesha, maharage yameanza kutoa maua, na maboga yametambaa mpaka kwenye njia. Kwa familia ambazo mgao haukuwatosha, nasi tunajua ni nyingi, tunasema poleni sana. Hatuandiki neno hili kama watu walioshiba wanaowafundisha wenye njaa. Tunaandika tukiwa kwenye foleni moja nanyi.

Wengi wenu mliziona zile picha zilizotundikwa kwa kamba pembeni ya kanisa baada ya ibada. Zilikuwa picha kumi na mbili, nazo zilisafishwa kwenye studio ya pale senta. Alizipiga kijana mmoja wa kwaya yetu kwa simu yake ya kawaida. Mbele ya simu alibandika kilenzi kidogo alichokitoa ndani ya mashine mbovu ya kuchezea CD, kidogo kuliko punje ya maharage. Kwa kilenzi hicho alipiga picha za nyuki, nzi, vipepeo na wadudu wengine wakiwa juu ya maua. Nyuki mmoja alijaza picha nzima, mtu akaweza kuona nywele zilizo juu ya macho yake.

Watoto walifurahi sana. Lakini tuseme ukweli, baadhi yetu sisi wakubwa tulinung'unika. Mmoja alisema, "Posho imepungua, huyu anapiga picha za nzi?" Mwingine akasema fedha ya kusafisha picha ingenunua sabuni. Sisi tunaowaandikia leo tulikuwa miongoni mwa walionung'unika. Tunawaeleza hapa jinsi Bwana alivyotukemea kwa njia ya picha hizo hizo.

1. BWANA WETU ALITUAGIZA KUTAZAMA KWA MAKINI

Katika Mathayo 6 Bwana Yesu alisema na watu maskini. Walikuwa chini ya utawala wa Warumi, wakilipa kodi nzito, na wengi hawakujua watakula nini kesho. Hakuwaambia kwamba njaa si kitu. Alisema Baba yao wa mbinguni anajua kwamba wanahitaji hayo yote. Kisha akawaonyesha ndege, akawaonyesha maua ya mashamba, akawaambia wayafikiri.

Neno la Kiyunani lililotafsiriwa "fikirini" katika mstari wa 28 ni katamathete. Maana yake si kutupa jicho tu na kupita. Ni kujifunza jambo kwa makini mpaka ulielewe, kama mwanafunzi anavyokaa na somo lake. Kwa hiyo kijana anayepiga magoti mbele ya ua la boga saa kumi na mbili asubuhi, akalitazama mpaka magoti yakalowa umande, hachezi. Anafanya lile ambalo Bwana aliwaambia wanafunzi wake wafanye.

Na aliyetazama namna hiyo ameona nini? Ameona kwamba nyuki ana macho matano: mawili makubwa pembeni, yaliyojengwa kwa vijicho vidogo vidogo maelfu, na matatu madogo juu ya kichwa. Ameona kwamba mwili wake una nywele nyingi ambazo hushika ule unga wa maua unaoitwa chavua. Ameona kwamba miguu ya nyuma ina mahali palipobonyea kidogo, pamezungukwa na nywele ngumu kama kikapu, na humo nyuki hupakia chavua akaibeba nyumbani. Mama zetu wanaobeba kuni na maji wataelewa: hata mzigo wa nyuki Mungu aliuwekea mahali pa kukaa.

Tena ua lenyewe lina maandishi ambayo macho yetu hayayasomi. Nyuki huona aina ya mwanga ambao sisi hatuuoni. Wataalamu wenye kamera maalumu wamelipiga ua la alizeti, ambalo petali zake kwetu ni za njano tupu, wakakuta kwamba katikati pana duara jeusi lililozungukwa na ukingo unaong'aa. Ni kama alama ya kumwonyesha nyuki: chakula kiko hapa. Ujumbe huo umekuwa kwenye alizeti zetu siku zote, nasi tukipita na majembe begani hatuuoni. Lakini yule aliyeandikiwa anausoma.

Ndugu, mara nyingi tumesema Mungu amenyamaza katika makazi haya. Pengine hakunyamaza. Pengine tumekuwa tukipita haraka.

2. TUKITAZAMA KWA MBALI TUNAKOSEA

Katika zile picha kulikuwa na moja ambayo wengi walisema ni ya nyuki. Mdudu ana mistari ya njano na nyeusi, ameketi juu ya ua la mharage. Kijana akatuambia tuhesabu mabawa. Nyuki ana mabawa manne. Huyu alikuwa na mawili tu. Ni nzi anayekula kwenye maua. Hana mwiba, hawezi kumdhuru hata mtoto mchanga, na mabuu wa baadhi ya jamii zake hula wale chawa wa mimea wanaoharibu maharage yetu. Lakini ni mara ngapi tumempiga kwa kofia au kwa jani, kwa sababu ya mistari aliyozaliwa nayo?

Watu wenye elimu nao walikosea walipotazama kwa mbali. Tangu zamani wengi waliamini kwamba yule nyuki mkubwa anayeongoza mzinga ni mfalme, tena dume. Wachache walianza kusema sivyo, lakini jambo halikukatwa. Mwaka 1625, huko Roma, Francesco Stelluti alichapisha michoro ya nyuki iliyochorwa kwa msaada wa hadubini, miongoni mwa michoro ya kwanza kabisa ya namna hiyo. Baadaye, katika karne hiyo hiyo, Mholanzi mmoja aliyemcha Mungu, jina lake Jan Swammerdam, alimpasua huyo "mfalme" kwa visu vidogo sana, akamchunguza, akakuta amejaa mayai. Hakuwa mfalme, alikuwa mama. Swammerdam alifariki mwaka 1680, na kazi yake ilichapishwa mwaka 1737 na 1738 kwa jina lenye maana ya Biblia ya Asili. Kwa karne nyingi watu walikula asali na kuandika vitabu juu ya nyuki, na bado hawakumjua mama wa nyumba.

Nasi, wapendwa, tumefanya hivyo hivyo, si kwa nyuki bali kwa mtu. Hapa ndipo tunapotubu mbele yenu.

Kuna mama mmoja aliyekuwa akiketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Alikuja kwetu yapata mwaka mmoja uliopita na wajukuu wawili. Wimbo wa mwisho ukianza, yeye huondoka. Sisi wazee wa kanisa tulimwita "yule mama wa nyuma". Wengine walimtaja kwa kabila lake tu, na mnajua kwa nini: watu wa kabila lake na watu wa baadhi yetu walitendeana mabaya kule tulikotoka. Hatukumfukuza. Tulimpa mkono mlangoni. Tulidhani hilo linatosha.

Kijana wetu alikwenda kwenye bustani ya mama huyo kwa sababu moja tu: maboga yake yalikuwa na maua mengi kuliko ya wengine. Alipiga hodi, akaomba ruhusa, akapewa. Alikwenda siku tatu mfululizo alfajiri. Siku ya tatu, akiwa amepiga magoti kati ya majani, aliona kwamba mama anachuma majani ya maboga na maua yake pia, na kwamba jikoni hapakuwa na kitu kingine. Akauliza kwa adabu, "Bibi, posho hamkupata?" Yule mama akanyamaza kidogo, kisha akamweleza. Kulikuwa na kosa katika karatasi yake ya familia, na migao minne ilikuwa imepita bila yeye kupewa kitu. Hakumwambia mtu. Alimwambia kijana, "Nani kanisani angenisikiliza?"

Migao minne! Na Jumapili zote hizo alikuwa nasi. Tulihubiri juu ya mikate mitano na samaki wawili, naye akiwa hatua kumi kutoka mimbari. Tulimwona kama tunavyowaona nyuki wanaopita: mistari tu, na sauti ya mbali.

Bwana alimwambia Samweli kwamba mwanadamu hutazama sura ya nje, bali Yeye hutazama moyo. Tulikuwa tumezoea kulihubiri neno hilo kwa ajili ya Daudi. Sasa limehubiriwa dhidi yetu.

3. MUNGU HUKARIBIA

Sisi tulioko hapa tumepigwa picha nyingi. Tumepigwa picha ya kadi, uso mbele, usicheke. Tumepigwa picha na wageni wanaosimama juu ya kilima ili mahema na nyumba zote ziingie. Katika picha za namna hiyo hakuna mwenye jina. Ni paa na paa, mistari na mistari. Hatuwalaumu, kwa maana kazi yao inahitaji kuonyesha wingi wetu. Lakini moyo unauma mtu akijitafuta katika picha asijione.

Tusome habari za Hajiri katika Mwanzo 16. Alikuwa mgeni kutoka Misri, mtumwa, mjamzito, amekimbia mateso, yuko jangwani peke yake. Angalieni jambo hili: katika sura ile Sarai anamwita mjakazi wangu, na Abramu anamwita mjakazi wako. Hakuna hata mmoja wao anayesikika akimwita kwa jina lake. Anayemwita Hajiri ni malaika wa Bwana, kwenye chemchemi ya maji. Kisha anamwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Maswali hayo mawili tumeulizwa sote, mpakani na ofisini. Lakini Hajiri aliulizwa baada ya kuitwa jina. Ndipo naye akampa Mungu jina: Mungu aonaye.

Mungu wa Biblia hapigi picha akiwa juu ya kilima. Anashuka mpaka kwenye chemchemi. Na wakati ulipotimia alikaribia zaidi kuliko hapo. Neno alifanyika mwili, akazaliwa, na akiwa bado mtoto mchanga alikimbizwa usiku kwenda Misri. Bwana wetu alianza maisha yake akiwa mkimbizi. Anaujua uzito wa mtoto mgongoni wakati wa kukimbia.

Kuna picha moja ambayo tungependa kila mmoja wenu aliyekata tamaa aikumbuke. Ilipigwa kabla jua halijatoka. Nyuki mdogo ananing'inia kwenye shina la nyasi, miguu imekunjwa, mwili una matone ya umande. Tulidhani amekufa. Kijana akasema hapana, amelala. Wako nyuki wasioishi katika mzinga. Hujitafutia kila mmoja peke yake, na baadhi yao usiku huuma shina kwa taya zao, wakalala hivyo hivyo wakining'inia hadi jua liwapashe moto, ndipo huruka. Hana nyumba, hana mlango, ana taya zake na lile shina. Upepo unatikisa na yeye hadondoki.

Ndugu yangu, pengine imani yako usiku huu imebaki kiasi hicho tu. Huna wimbo, huna maombi marefu, umeuma tu ahadi moja ya Mungu na unaning'inia. Usione haya. Yule aliyemwona nyuki juu ya shina anakuona na wewe.

4. KUKARIBIA KUNA GHARAMA

Tulimwuliza kijana wetu kazi hii inafanyikaje. Majibu yake yametuhubiria.

Kwanza, alisema, lazima kwenda kwa wakati. Ua la boga hufunguka alfajiri, na likifika karibu adhuhuri limefunga, halitafunguka tena. Ua la kiume liko peke yake na la kike peke yake. Chavua yake ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba, basi asipokuja mgeni mwenye mabawa asubuhi hiyo, ua la kike litaanguka na boga halitakuwepo. Tuna jirani ambao asubuhi yao ni leo. Tukisema tutawatembelea mwezi ujao, tutakuta ua limefunga.

Pili, lazima kwenda polepole na kwa adabu. Kivuli chako kikimwangukia nyuki ghafula, anaruka. Ukimpulizia pumzi yako, anakasirika. Nyuki aliyeko kwenye ua kwa kawaida hatafuti vita. Wakali ni wale wanaolinda nyumba yao. Na jirani aliyeumizwa zamani ni hivyo hivyo. Usimwendee kwa maswali kama wa ofisini. Piga hodi. Keti. Mwache aongee anapotaka.

Tatu, picha moja haitoshi. Ukikaribia sana, jicho likionekana vizuri bawa linakuwa ukungu, na bawa likionekana vizuri jicho linapotea. Wapiga picha wakubwa huchukua picha nyingi, kila moja ikionyesha sehemu ndogo tu, kisha huziunganisha ziwe moja. Mwingereza Levon Biss, ambaye picha zake kubwa za wadudu zilionyeshwa huko Oxford mwaka 2016, alitumia karibu picha 8,000 kupata picha moja ya mdudu mmoja. Elfu nane kwa mdudu mmoja! Na sisi tunamhukumu mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu kwa kumwona mara moja, au kwa habari moja tuliyosikia kisimani.

Nne, usidharau kidogo unachoweza. Nyuki mmoja mfanyakazi, katika maisha yake yote, hukusanya asali inayokadiriwa kuwa sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Ni tone. Lakini mzinga hujaa. Kikombe chako cha maharage ni kidogo, nasi tunajua unakitoa katika upungufu wako. Kilete.

NENO LA MWISHO

Mtauliza yule mama anaendeleaje. Wazee wawili walifuatana naye kupeleka shauri lake, na karatasi imepokelewa. Tunapoandika haya jibu bado halijatoka. Hatutawadanganya kwamba yote yamekwisha. Lakini makundi ya nyumba yanapokezana kumpelekea unga na maharage, na wajukuu wake wanakula pamoja na watoto wa jirani. Jumapili iliyopita alikaa mpaka wimbo wa mwisho ukaisha. Tulimwomba msamaha mbele ya baraza la kanisa, naye aliturudishia jibu fupi: alisema ni vema tumekuja, maboga yamekomaa, tuchukue moja. Tulilibeba boga lile tukiwa na aibu na furaha pamoja.

Ametupa ruhusa tuandike habari hii. Jina lake hatuliandiki kwa sababu ndivyo alivyoomba. Lakini sasa tunalijua, na tunamwita kwalo.

Kwa hiyo, wapendwa, mwezi huu tunaomba mambo matatu. Kila kundi la nyumba litembelee jirani mmoja ambaye hakuna anayejua jina lake, hasa yule wa lugha nyingine. Mashemasi wapite nyumba kwa nyumba kuuliza nani hakupokea mgao, wasingoje mtu aje kulia. Na kila baba na mama, asubuhi moja kabla ya kwenda shambani, amchukue mtoto wake, wapige magoti mbele ya ua moja, wamtazame nyuki mpaka aondoke. Kisha wasome pamoja Mathayo 6:25-34. Haihitaji simu wala kilenzi. Magoti yanatosha.

Tuombe: Bwana Mungu uonaye, ulimwona Hajiri jangwani, na unatuona sisi hapa. Utusamehe kwa kuwa tumewapita watu wako kama wapita njia. Utupe macho ya karibu na miguu isiyochelewa. Uwape chakula wenye njaa, na sisi tuwe tayari kukibeba. Wale wanaoning'inia usiku huu, uwashike mpaka kuche. Kwa jina la Yesu, Amina.

Neema ya Bwana na iwe nanyi nyote, na nyumba zenu, na wapendwa wenu waliobaki mbali.

Ni sisi ndugu zenu katika Kristo,
Wachungaji na Wazee wa Kanisa